Mtoro na Kinga Yake: Habari za Watumwa Kando ya Nyanza

Watu wengi wakisikia habari za watumwa walioinuka juu ya mabwana zao hulikumbuka kwanza jina la Spartacus. Mtu huyo, mzaliwa wa Thrakia, alikuwa mmoja wa watumwa waliofundishwa kupigana kwa silaha mbele ya watazamaji katika mji wa Capua, nchi ya Italia. Mwaka 73 K.K. yeye na wenzake kiasi cha sabini walitoka kwa nguvu katika chuo chao, silaha zao za kwanza zikiwa ni visu na mishikaki ya jikoni, wakapanda mlima Vesuvius wakafanya kambi. Kabla ya miaka miwili kutimia walikuwa jeshi la makumi ya maelfu, na majemadari wa Roma walikuwa wameshindwa nao mmoja baada ya mwingine. Mwaka 71 K.K. Crassus aliwaangamiza, na mateka 6,000 walitundikwa misalabani kando ya barabara itokayo Capua kwenda Roma, ili kila apitaye aone.

Mwanafunzi wa historia akitoka katika habari hizo na kuingia katika habari za ziwa la Viktoria, ambalo watu wa kando yake huliita Nyanza, hutafuta Spartacus wa huko na hamwoni. Katika karne ya kumi na tisa palikuwapo watumwa Usukuma, Ukerewe, Uzinza na Buganda. Walinunuliwa, waliuzwa, walirithiwa, walitolewa fidia na zawadi. Lakini vita vya watumwa havisikiki, wala ngome ya watoro iliyopata jina haionekani kutoka Magu mpaka Mwanza. Je, watu hawa waliukubali utumwa?

Wako waliojibu kwamba waliukubali. Walisema kuwa utumwa wa bara ulikuwa mpole, kwamba mtumwa alikula chungu kimoja na bwana wake na kumwita baba, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuinuka. Neno hili lilipendwa sana na mabwana wenyewe, na baadaye na maofisa wa kikoloni waliotafuta sababu ya kuuacha utumwa kama walivyoukuta. Walakini kula pamoja si ushahidi wa kuridhika. Katika mji wa Roma mtumwa wa nyumbani alimvika bwana wake nguo, alimwandikia barua, alimlelea watoto. Na hata hivyo mwaka 61 B.K., mtumwa mmoja alipomwua bwana wake Pedanius Secundus, aliyekuwa liwali wa mji, watumwa wote 400 wa nyumba ile waliuawa kwa amri ya sheria, wanawake na watoto wakiwamo. Watu wasiowaogopa watumwa wao hawaweki sheria ya namna hiyo.

Jibu lililo karibu zaidi na kweli linapatikana mtu akitazama mahali ambapo vita vya watumwa vilitokea. Kabla ya Spartacus, mwaka 135 K.K., watumwa wa Sisilia waliuteka mji wa Enna chini ya Eunus, mtu wa Shamu aliyejifanya nabii na kisha mfalme. Sisilia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya ngano na malisho mapana, ambako watumwa walikaa kwa mamia, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka nchi moja na wakisema lugha moja. Hali kadhalika karibu na Basra: huko maelfu ya watumwa walisukumwa kuondoa udongo wa chumvi juu ya ardhi, nao waliinuka mwaka 869 B.K. wakapigana na khalifa wa Baghdad hata mwaka 883. Na pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mfano wake. Mashamba ya miwa kando ya mto Pangani yalikuwa yamejaa watumwa wageni waliofanyishwa kazi kwa makundi. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, watumwa wa Pangani waliasi, wakajenga kijiji chao chenye boma huko Kikogwe, na askari wa Sultani hawakuweza kuwatoa.

Mambo haya yote yana asili moja: palipo shamba kubwa na kundi kubwa, watumwa huweza kuhesabiana. Wakubwa wa Roma walilijua jambo hili vizuri. Seneca ameandika kwamba siku moja baraza la wazee lilitaka kuwavika watumwa nguo za kuwatambulisha, kisha likaghairi, kwa kuhofia hatari itakayotokea siku watumwa watakapoanza kuwahesabu waungwana. Kando ya Nyanza hesabu hiyo haikuweza kufanywa. Mtumwa alikuwa mmoja katika nyumba hii, wawili katika nyumba ile, watatu kwa mtemi. Huyu ametoka magharibi ya ziwa, yule amechukuliwa mtoto akiwa hajajua jina la kijiji chao. Majeshi hayatoki katika hali hiyo. Upinzani uliweza kutoka, lakini kwa umbo jingine, na umbo hilo ndilo lililowapita machoni wale waliotafuta mapanga na misalaba.

Utumwa wenyewe ulikuwapo kando ya ziwa kabla ya biashara ya pwani, lakini biashara hiyo iliuongeza na kuugeuza. Njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilikuwa imefika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kabla ya mwaka 1858. Kwa wafanyi biashara Waarabu wa huko John Hanning Speke alisikia habari za maji makubwa ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti mwaka huo alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake ziwa ambalo lilikuwa na majina ya kutosha. Henry Morton Stanley alipofika Kageye, mashariki ya Mwanza, mwaka 1875, alimkuta hapo mfanyi biashara wa pwani aitwaye Sungoro, ambaye alikuwa akiunda jahazi kwa miti ya Ukerewe. Jahazi hilo lilikuwa la kuchukua pembe za ndovu na watu. Bunduki zilikuja kwa njia ile ile, na mtemi aliyekuwa na bunduki aliweza kupata mateka wengi kuliko jirani yake aliyekuwa na mishale.

Lakini si kila mtumwa alitekwa vitani. Wengine waliuzwa kwa deni, na wengine kwa njaa, mzazi akimtoa mmoja ili wengine wapate nafaka. Kuna kisa kimoja katika mlango huu ambacho ni vigumu kukisoma bila kuona aibu. Mwaka 1891 kamati ya Wajeremani iliyoundwa kwa ajili ya kupiga vita utumwa ilimpeleka Oscar Baumann apeleleze nchi zilizo kati ya pwani na Nyanza. Alipopita mwaka 1892 sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wa Wamasai, na wazazi waliokuwa mifupa mitupu walimjia kambini wakitaka kumpa watoto wao kwa kipande cha nyama. Mjumbe wa wakomboaji wa watumwa, kabla hajafika ziwani, alikuwa ameonwa na wenye njaa kuwa mnunuzi.

Ili kuelewa jinsi mtu alivyoukataa utumwa katika nchi hizi, ni lazima kwanza kujua utumwa ulimwondolea nini. Roma ilimwita mtumwa kitu, ikamweka katika sheria pamoja na ng'ombe na jembe. Kando ya Nyanza mtumwa alikuwa zaidi mtu asiye na watu. Akiuawa, hakuna ukoo utakaodai damu yake. Akioa, hakuna wajomba wala baba wadogo wa kumchangia mahari. Akishitakiwa, hakuna wa kusimama nyuma yake barazani. Mwungwana maskini aliweza kuvaa ngozi iliyochakaa kuliko ya mtumwa na kula vibaya kuliko yeye, lakini nyuma ya mwungwana walisimama watu, na nyuma ya mtumwa alisimama bwana wake peke yake. Basi mtu wa namna hiyo akitaka kujiokoa, haimfai kukimbilia porini akae peke yake. Upweke ndio aliokuwa nao tayari. Alichohitaji ni kinga ya mtu mwingine, na baada ya kinga, ukoo.

Na nchi ilimsaidia. Usukuma haikuwa milki moja, bali watemi wengi wadogo, kila mmoja na ngoma yake na mipaka yake. Mwendo wa usiku mmoja ulitosha kumtoa mtu katika hukumu ya mtemi mmoja na kumtia katika hukumu ya mwingine. Ardhi ilikuwa tele, watu ndio waliokuwa haba, na nguvu za mtemi zilihesabiwa kwa watu wanaolima chini yake. Mtemi mwenyewe hakuwa juu ya kila neno: wazee waliomweka waliweza kumwondoa, na raia asiyependezwa aliweza kukusanya ng'ombe wake na kuhama. Mgeni aliyefika na jembe begani, akaomba kiwanja, hakuulizwa maswali mengi. Kisha palikuwa na maji. Ukerewe imetengwa na bara kwa mlango mwembamba wa Rugezi tu; Ukara, Kome na visiwa vingine vimetapakaa mbele ya ufuko, na mtumbwi uliondoka usiku haukuacha nyayo.

Neno la Kiswahili kwa mtu huyu aliyeondoka ni mtoro. Ni neno la bwana, kwa kuwa humtaja mtu kwa mahali alipotoka wala si kwa mahali anapokwenda. Siku hizi limeshuka cheo, limekuwa la mtoto wa shule asiyehudhuria darasani. Lakini hata huko limebaki kuwa neno la yule anayeita majina, si la yule asiyeitika.

Wanasheria wa Roma walilisumbukia swali la nani ni mtoro kwa akili nyingi. Sheria ya masoko ilimlazimu muuzaji kumwambia mnunuzi kama mtumwa ana maradhi, kama ni mzururaji, au kama ana tabia ya kutoroka. Asiposema, mnunuzi aliweza kumrudisha mtumwa na kudai fedha zake. Kwa sababu hiyo majaji walipaswa kuamua. Ulpian, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tatu B.K., amekusanya hukumu za waliomtangulia: aliyejificha nyumbani akingoja nafasi ya kuondoka, je, ni mtoro? Aliyekimbia ili ajitupe mtoni? Aliyekwenda kwa mama yake? Jibu lao lilifuata nia. Aliyekwenda kwa mama ili afichwe na asirudi ni mtoro. Aliyekwenda ili mama amwombee msamaha si mtoro. Vivyo hivyo aliyemkimbilia rafiki wa bwana wake apate kusemewa.

Ukingo huu, kati ya kukimbia na kutafuta msemaji, ulikuwa mwembamba Roma. Kando ya Nyanza ulikuwa karibu haupo. Mtumwa aliyeingia katika boma la mtemi wa pili akakaa miguuni pake alikuwa anatoroka na kuomba kinga kwa tendo moja. Bwana wa kwanza akija kumdai, ndipo mazungumzo yalipoanza: pengine alirudishwa, pengine alilipiwa ng'ombe, pengine mtemi alijibu kwamba hana habari za mtu huyo. Msafiri aliyepita na kumwona mtu yule akilima shamba la mtemi mpya aliandika kwamba amebadili bwana tu. Hakukosea katika aliloliona. Lakini kubadili bwana kwa hiari yako mwenyewe si jambo ambalo kitu huweza kulitenda. Jembe halichagui mkono. Na mtu aliyechagua mara moja alijulikana kuwa anaweza kuchagua tena, hata bwana mpya akalazimika kumtunza kwa adabu iliyozidi ya bwana wa kwanza. Watumwa wengi ambao hawakuondoka hata siku moja walifaidiwa na wale walioondoka.

Ya kwamba kutafuta kinga ndiyo iliyokuwa siasa ya ufuko huu, wala si tabia ya watumwa peke yao, mambo mawili yanaonyesha. Sungoro, aliyetajwa hapo juu, aliuza jahazi lake kwa wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society, Shergold Smith na O'Neill. Pakazuka ugomvi kati ya Sungoro na Lukonge, mtemi wa Ukerewe. Yule mwuza watu, akiwa amezidiwa, aliwakimbilia wamisionari. Lukonge alimdai, nao hawakukubali kumtoa. Katika mwezi wa Desemba 1877 wote watatu waliuawa pamoja na watu wao. Sungoro alikufa akiwa katika hali ambayo mamia ya watu waliopita mikononi mwake waliijua: mtu aliyekimbilia nyumba ya mwenye nguvu akitumaini kwamba mlango utafungwa nyuma yake.

Jambo la pili ni la mfalme. Mwanga wa Buganda alipoondolewa katika kiti chake mwaka 1888 alishuka ziwani kwa mitumbwi akafika Magu, kwa Waarabu, watu waliokuwa wamefanya biashara na ikulu yake na ya baba yake Mutesa. Hakupata raha kwao. Akaondoka tena akaja Bukumbi, kusini ya Mwanza, kwa mapadre wa Kifaransa aliokuwa akiwashuku alipokuwa na enzi. Bwana wa watumwa wengi kuliko mtu ye yote wa kaskazini ya ziwa alitoroka mara mbili ndani ya miezi michache, na mara ya pili aliangukia mlango ule ule walioangukia watoto waliouzwa kutoka nchi yake.

Bukumbi pana habari yake. White Fathers wa Kadinali Lavigerie walifika Kageye mwisho wa mwaka 1878, wakavuka kwenda Buganda, na mwaka 1882 wakarudi kusini pamoja na watoto waliokuwa wamewanunua ili kuwakomboa. Mwaka 1883 walijenga Bukumbi. Kazi yao ya kukomboa kwa fedha ilikuwa na shida ndani yake, kwa kuwa mkombozi sokoni ni mnunuzi pia, na muuzaji haulizi bidhaa yake itapelekwa mbinguni au shambani. Lakini shida iliyokuwa kubwa kuliko hiyo, kwao na kwa misheni zote za bara na pwani, ilikuwa ya mtu ambaye hakununuliwa na mtu bali amekuja kwa miguu yake. Kumpokea ni kugombana na bwana wake, na kugombana na mwenyeji ni kuhatarisha misheni yote. Kumrudisha ni kumpeleka kwenye fimbo.

Ndani ya Biblia yao mlikuwa na mfano, lakini haukuwasaidia kama walivyotaka. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliachana na bwana wake akamfikia Paulo kifungoni; naye Paulo alimrudisha akiwa na waraka mkononi, akiomba apokewe kama ndugu. Mwanasheria wa Roma angaliweza kusema kwamba Onesimo hakuwa mtoro, alitafuta msemaji. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro walijazana katika kijiji cha misheni hata mabwana wa pwani wakatishia vita. Na mwaka 1888 Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alikata shauri kuwalipa mabwana hao, watoro kiasi cha 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Watoro, ambao walikuwa wamejikomboa wenyewe kwa hatari ya maisha yao, waliandikwa katika hati kana kwamba wamekombolewa siku ile.

Historia ya haki haina budi kusema na upande wa pili. Kutoroka hakumfanyi mtu kuwa adui wa utumwa. Humfanya adui wa utumwa wake. Katika majeshi ya Mirambo, aliyetisha nchi za kusini ya ziwa mpaka kufa kwake mwaka 1884, rugaruga wengi walikuwa vijana waliokwisha kuwa mateka au waliowakimbia mabwana na misafara, nao waliteka watu wa vijiji vingine bila huruma. Kisabengo, aliyekusanya watoro akajenga mji wenye kuta za mawe mahali palipo Morogoro leo, alijulikana na wasafiri kuwa mwizi wa watu. Wala Sisilia haikuwa na malaika: Eunus alipouteka Enna aliwaua wenyeji wengi, lakini mafundi wa kufua silaha aliwabakiza, akawatia minyororo na kuwafanyisha kazi. Watu hawa walikuwa wameijua dunia yenye bwana na mtumwa tu, na waliposhika nafasi ya bwana hawakuona nafasi ya tatu. Kuwalaumu ni rahisi kwa aliyezaliwa baadaye.

Upande wa wanawake ni mgumu zaidi kuusoma, na pengine ndio mzito kuliko wote, kwa kuwa bara lilipenda kubakiza wanawake na watoto. Mwanamke aliyechukuliwa aliingizwa nyumbani kuwa mke bila mahari kulipwa kwa mtu ye yote. Katika desturi za nchi mahari ndiyo iliyowafanya watoto kuwa wa ukoo wa baba, na mke wa mahari, akionewa, alikuwa na kwao pa kurudi. Huyu hakuwa na kwao. Kutoroka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi si sawa na kutoroka kwa kijana mwepesi. Na kuwaacha watoto nyuma ni bei ambayo si kila mama aliweza kuilipa. Kwa hiyo wengi wao walipigana vita vyao pale pale walipokuwa, kwa subira ya miaka: kuzaa, kulea, kujipatia jina la mama wa fulani, kumfanya mwana adai haki barazani ambayo mama hakuweza kuidai. Anayetaka kuliita jambo hilo kushindwa na aseme ni silaha gani nyingine iliyokuwapo.

Wajeremani walipokuja walijitangaza kuwa maadui wa biashara ya watumwa. Mwaka 1890 askari wa msafara wa Emin Pasha waliwashambulia Waarabu wa Masanza, upande wa Magu, na kambi ya Kijeremani ikajengwa Mwanza. Misafara ya watumwa ikakoma, jambo ambalo halikuwa dogo. Lakini utumwa wenyewe Wajeremani hawakuutangua mpaka walipoondoka. Tangazo la mwaka 1901 lilimpa mtumwa siku mbili katika juma za kujifanyia kazi yake na haki ya kujinunua. Tangazo la mwaka 1904 lilisema kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha watakuwa huru. Mtu aliyezaliwa Desemba 1905 akiwa mtumwa aliachwa mtumwa, na mdogo wake wa Januari akawa mwungwana, nao wakanyonya titi moja.

Walakini wakati serikali ilipokuwa ikipima uhuru kwa siku na miezi, miguu ilikuwa kazini. Jambo hili lilikuwa limeanza zamani, katika misafara. Wapagazi wengi waliotoka Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakigawana nao ujira; lakini wakishavuka nchi ya pwani walijiita waungwana, na watu wa bara wakawaita hivyo hivyo. Alipofika Nyanza, mtumwa wa Unguja alikuwa mwungwana kwa kila mtu isipokuwa kwa bwana aliyekuwa mbali naye safari ya miezi mitatu. Sasa njia ziliongezeka. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikaanza kuifikia Mwanza. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912, na maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma waliifanyia kazi. Pamba ikaanza kulimwa kusini ya ziwa. Msimamizi wa tuta la reli alitaka mikono, hakuuliza nasaba. Mtu aliondoka mtumwa wa fulani, akakaa misimu miwili, akarudi na nguo na fedha, na hakurudi kijiji kile kile. Akaoa kwa mahari aliyoitoa mwenyewe, na mahari hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake, kwa kuwa watoto wake walikuwa na ukoo, na ukoo ulianza kwake.

Hati za serikali zilitolewa pia, na bila shaka zilimfaa mtu aliyekuwa na bwana mgomvi karibu na boma. Lakini wengi hawakuziendea. Kuiomba hati ni kukiri mbele ya mashahidi kwamba ulikuwa mtumwa, na mtu aliyekwisha kuondoka hakuwa na haja ya kukiri.

Waingereza, walipoipokea Tanganyika baada ya vita vya kwanza, walitoa mwaka 1922 sheria fupi ya kuufuta utumwa katika nchi yote. Katika nchi za Nyanza sheria hiyo iliwakuta zaidi wale ambao hawakuweza kwenda: wazee wasio na nguvu za kuanza upya, na wanawake ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuwa watu wa nyumba ile. Nayo ilikuja, kwa kuchelewa kwake kote, na neno lililoandikwa. Roma, iliyoandika kila jambo juu ya mtoro, haikupata kutoa sheria kama hiyo hata siku moja.